Wenyeji wa visiwani, tusidanganyane: mwezi gani hasa wa kwenda Zanzibar?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu habari za jioni.

Mimi na mama watoto tunajaza kibubu huu mwaka wa tatu. Lengo ni siku saba Zanzibar. Hatujawahi kuvuka. Yeye bahari ameiona Dar mara moja, mimi maji makubwa niliyowahi kuoga ni ya Ziwa Kitangiri huku kwetu Singida.

Nimeuliza watu wanne, nimerudi na majibu manne. Dalali wa hoteli anasema njoo Mei, chumba nusu bei. Jirani yangu aliyekwenda Mei anasema alilipa hela kukaa dirishani kutazama mvua. Binamu yangu wa Dar anasema Februari. Dada mmoja wa benki anaapia Septemba, na ukimuuliza kwa nini anakuonyesha picha.

Swali: mwezi bora upo kweli, au kila mtu anasifia mwezi aliokwenda yeye? Nipeni sababu, nisibaki na majina ya miezi tu. Natanguliza shukrani.

#2 Kachori ya Moto
Februari. Jua la uhakika, bahari kama kioo. Mods fungeni uzi.

#3 Mzee wa Kubania
Usifungwe kwanza. Mimi nimelala Nungwi wiki ya pili ya Mei, siku sita. Mvua ya kunifungia ndani ilikuwa siku mbili tu. Siku nyingine inapiga alfajiri, saa nne jua limetoka. Hoteli nzima tulikuwa wageni wanne, mpishi anakuja mezani kuuliza leo tupike nini. Bei niliyolipa siitaji hapa, mtalia.

Jirani yako alikuwa na mkosi, mwalimu.

#4 Data Kwanza
Mzee wa Kubania, bahati yako usiigeuze kanuni.

Visiwa vile vina mvua mara mbili kwa mwaka. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Aprili peke yake kwa wastani hushusha zaidi ya milimita 300 Unguja, na Mei inafuata kwa karibu. Ukienda Mei mwanzoni unacheza kamari, ukienda Mei mwishoni unacheza kamari yenye nafuu. Baadhi ya hoteli, hasa Mafia na zile ndogo za Pemba, hufunga kabisa Aprili na Mei kukarabati. Wenyewe hawataki hela yako miezi hiyo, ujiulize kwa nini.

Vuli ni tofauti, inapiga na kuondoka, miaka mingi huioni kabisa kwa siku tatu nne mfululizo. Lakini kuna miaka inageuka. Vuli ya 2019 na ya 2023 wote tunaikumbuka.

Joto: Februari na Machi mchana ni nyuzi 32, 33. Julai ni 28 hivi na usiku unaweza kujifunika shuka.

#5 Binti Jambiani
Mie nimezaliwa Jambiani na mpaka leo nipo. Mnahesabu miezi ya ukutani, sisi huku tunatazama mwezi wa juu.

Mwalimu, bahari ya pwani yetu ya mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu, mpaka Matemwe kule, haikai pahala pamoja. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, maji yanapwa mpaka karibu na mwamba, unatembea kilomita nzima mguu kavu. Kupwa ni kama saa nne asubuhi, kujaa ni kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayajai sana wala hayapwi sana, yapo yapo tu.

Sasa mtu anakuja Februari hiyo ya Kachori, anaamka saa nne na taulo begani, anakuta mchanga mtupu na wanawake wanafunga mwani. Anasema kaibiwa.

#6 Chuma cha Reli
Huyo mtu wa taulo ni mimi. Sina aibu.

Paje, fungate, 2018. Picha ya hoteli bluu tupu. Nimetoka chumbani saa nne na nusu, bahari hakuna. Nikamuuliza mlinzi, "Kaka, bahari iko wapi?" Akanijibu bila hata kucheka, "Imekwenda, itarudi saa nane." Mke wangu mpaka leo nikichelewa kurudi nyumbani ananipigia, "Umepwa? Utarudi saa ngapi?"

#7 Tausi Mweupe
Chuma cha Reli umeniua 😂😂 "imekwenda, itarudi"

#8 Binti Jambiani
Chuma cha Reli, pole kaka, ila na wewe ulilala. Asubuhi ile ungevaa viatu vya mpira ukatoka na wenyeji, ungewaona wanatafuta pweza mashimoni, ungeona mashamba ya mwani, vigingi na kamba mpaka macho yanachoka. Mama zetu wanalima tangu 1989 hivi na wengi wamesomesha watoto kwa mwani huo. Kisha saa kumi jioni unaoga, maji yamekuja mpaka ngazini. Kwangu mie bamvua ndio wiki nzuri, unapata bahari mbili kwa bei ya moja.

Asiyetaka habari za kupwa na kujaa aende Nungwi na Kendwa. Kule ufuo unashuka haraka, maji hayaendi mbali.

#9 Nahodha Mstaafu
Assalaam alaykum. Nimesoma wote. Dada wa Jambiani kasema la maji na kasema sawa. Mimi nitasema la upepo, kwa sababu miaka 31 nimekula kwa upepo.

Kaskazi linaanza kuonja Novemba, linakaa barabara Disemba mpaka Machi. Linatoka kaskazini mashariki, upepo wake mkavu, bahari haina hasira sana. Kusi linaingia na masika, Aprili, linakaza Juni na Julai, linalegea Septemba. Hilo ndilo linalopasua tanga. Katikati ya pepo hizo mbili kuna siku za maleleji, wengine huita tanga mbili, upepo haujui unakotaka kwenda. Zamani ndiyo siku tuliyopumzika. Oktoba, Novemba mwanzoni, matlai inapuliza taratibu kutoka mashariki, asubuhi bahari imelala kama mafuta ya nazi.

Kwa hiyo uliza unakwenda upande gani wa kisiwa. Kusi likivuma, Makunduchi, Jambiani na Paje ndizo zinazopigwa usoni, na Kendwa imejificha nyuma ya kisiwa. Kaskazi likivuma, Matemwe, Kiwengwa na ule ubavu wa mashariki wa Nungwi ndio wanaokula mawimbi, na Kizimkazi kumetulia. Mtu mmoja anakwambia Julai ni mbaya, mwingine anakwambia Julai ni nzuri, na wote wawili ni wakweli. Mmoja alilala Paje, mwingine alilala Kendwa.

#10 Pweza wa Nazi
Nahodha heshima yako. Hili la upande wa kisiwa sikuwahi kulisikia kwa dalali yeyote.

Ila kuna watu wanakwenda Paje Julai *kwa ajili ya* upepo huo. Wale wa kuvutwa na vishada juu ya maji. Juni hadi Septemba wamejaa, wanaondoka, wanarudi tena Kaskazi likishika. Wao wakisikia shwari wananuna.

#11 Tausi Mweupe
Kusi nalijua. Julai, boti ya asubuhi kutoka Dar. Nilikunywa chai na maandazi manne pale bandarini, kosa la kwanza. Nikakaa mbele kabisa nione bahari, kosa la pili. Tulipoacha bandari wakaanza kugawa vifuko vyeusi, nikasema mimi sihitaji. Kosa la tatu.

Maandazi yote manne niliyaona tena.

#12 Kachori ya Moto
Ndiyo maana mimi nasema Februari. Tusisahau ajali zote mbili kubwa za meli, Spice Islander na Skagit, zilitokea miezi ya Kusi.

#13 Data Kwanza
Kachori, nusu kweli. Skagit ilizama 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka, sawa. Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na kubwa lililosemwa pale ni kupakia kupita kiasi. Usilitwishe Kusi mizigo ya binadamu.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili, na linasomwa redioni. Ukilisikia, ahirisha siku moja. Sio lazima uahirishe mwezi mzima.

#14 Mla Halua
Salamu kutoka Maskati, Omani. Nyinyi mnabishana nyuzi 28 na 33 na mimi nawasoma nikicheka. Huku Juni tunapita 40 kama mchezo, usukani wa gari unaushika kwa kitambaa. Watu wa huku joto likizidi wanakimbilia Salala, kuna manyunyu miezi hiyo. Mimi nakimbilia kwa bibi yangu Mkunazini. Julai ya Unguja, kipupwe, feni imezimwa, kahawa ya barazani na kashata. Hiyo kwangu ndiyo pepo.

Na kwa faida ya Nahodha: babu yangu mzaa baba alifika Unguja kwa jahazi na Kaskazi, akasema atarudi na Kusi. Kusi halijamrudisha hadi kafa. Alioa Malindi, ile ya mjini Unguja.

#15 Nahodha Mstaafu
Mla Halua, wengi walisema watarudi na Kusi.

#16 Pweza wa Nazi
Mla Halua kanikumbusha joto. Kachori anasifia Februari, asisahau kuwaambia watu kuhusu usiku. Mimi nilikuwa Unguja wakati ule wa kiza, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara umekatika miezi mitatu. Kaskazi yote hiyo bila feni. Tulilala juu ya mapaa na vibarazani, mashuka tunayalowesha maji kwanza. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "joto la wastani" namtazama tu.

Halafu maji ya Kaskazi yana konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha. Nimepigwa mguuni, alama ilikaa wiki mbili.

#17 Kachori ya Moto
Pweza, umeme ulikatika ukalaumiwa mwezi? Na konyeza nimeoga nao Agosti pia. Siku hizi kuna viyoyozi. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, muziki usiku kucha. Mei mna nini, vyura?

#18 Mzee wa Kubania
Vyura wa Mei hawalipishi kiingilio.

#19 Mtoto wa Ukunda
Hamjambo ndugu zetu. Nyinyi mmeshikilia Unguja kama kisiwa ni kimoja duniani. Njooni Lamu. Gari pekee utakalopishana nalo mjini ni punda. Disemba mpaka Machi bahari imetulia, Shela unatembea mchanga mpaka miguu ichoke. Huku kwetu Diani pia kuzuri ila Kusi linatutupia majani ya bahari ufuoni, asubuhi unakuta marundo, wageni wanalalamika hoteli haifagii. Utafagia bahari?

Halafu Agosti sisi watoto wamefunga shule, kila Mnairobi yuko pwani. Bei zinapanda hadi madafu. Yaani kalenda ya shule ina nguvu kuliko hiyo Kusi yenu.

#20 Chuma cha Reli
Mtoto wa Ukunda umekuja kuiba wageni mchana kweupe 😂 Mgeni njoo mwenyeji apone, kumbe mwenyeji mwenyewe ni wa Kenya.

#21 Mpemba Asili
Mtoto wa Ukunda ana haki, kisiwa si kimoja. Pemba hakuna hata mmoja aliyeitaja.

Njooni wakati wa karafuu. Kuanzia Julai, Agosti hivi, mpaka kuelekea Disemba, inategemea mwaka umezaa vipi. Kutoka Mkoani mpaka Wete majamvi yametandazwa barabarani, karafuu zinaanikwa, harufu inaingia ndani ya gari na vioo vimefungwa. Mvua ya ghafla ikija, utaona mtaa mzima unakimbia na majamvi, mpaka aliyekuwa anaoga. Mgeni anaona burudani, sisi ni ada za skuli zile zinaloa.

#22 Kachori ya Moto
Pemba sawa. Angalau visiwa vyetu havina vimbunga kama kule Karibi, kwa hilo mwezi wowote uko salama.

#23 Mpemba Asili
Kachori leo umeamka upande mbaya. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba hakikutugusa hivyo, na tangu hapo karafuu ni Pemba. Kila Mpemba anaijua hadithi hiyo hata kama hajui mwaka.

#24 Data Kwanza
Na juzi tu, 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Boti za Zanzibar zilisimama. Ni nadra, maana tuko karibu mno na ikweta, lakini nadra si kamwe. Aprili na Mei tena, miezi ya dalali.

#25 Mzee wa Kubania
Mnaisakama Mei kama imewakosea.

#26 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, nimeingia darasani mwanafunzi. Ahsanteni. Mama watoto anasoma na yeye, kacheka hadithi ya taulo mpaka mtoto kaamka.

Swali la nyongeza: sisi ni Wakristo. Ikiangukia Ramadhani, tuna shida?

#27 Binti Jambiani
Shida hapana, mwalimu, bali siku inakwenda kwa saa nyingine. Mchana migahawa ya mtaani imefungwa, na kula njiani au kunywa maji barabarani ni kujitafutia kesi, usijaribu. Hotelini wanakupikia kama kawaida. Jioni ndio utamu: futari, mihogo, tambi, kaimati, watu barabarani mpaka usiku mkubwa. Sikukuu zenyewe ukizikuta utaona watoto na nguo mpya Mnazi Mmoja, mji mzima umetoka.

Ramadhani inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Miaka hii imekuwa inaingia Februari na Machi. Kachori wa Februari ulilijua hilo?

#28 Kachori ya Moto
Nilikuwa nalihifadhi.

#29 Tausi Mweupe
Samahani jamani, mimi naona kitu mbona hamkioni. Jamaa anaitwa *Mwalimu wa Zamu*. Mwalimu mwenye zamu anakwenda wapi Februari? Likizo yake ni Juni na Desemba! Tumeandika posti ishirini na nane za bure.

#30 Mwalimu wa Zamu
Dada Tausi umenikamata. Nafundisha shule ya msingi. Ni Juni au Desemba. Ile ya Septemba ni fupi na mara nyingi tunasahihisha. Sikusema mwanzo kwa sababu nilitaka kujua mwezi bora kwanza, baadaye nione umbali wake na likizo yangu.

#31 Chuma cha Reli
Yaani Nahodha kakuletea matlai na maleleji na wewe mkononi una Juni na Desemba tu 😂😂 Mwalimu hata huku unatunga mtihani.

#32 Nahodha Mstaafu
Haijaharibika. Juni.

Wazee walikuwa na neno: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Zile nyota zilizobanana kama zabibu. Mwezi wa Mei hazionekani, zimeingia machweoni, Juni zinachomoza alfajiri. Mei ikiwa imenyesha vizuri, tegemea Juni kavu. Mei ikiwa kavu, chukua mwavuli. Tazama Mei huko uliko usikie redioni Unguja wanasemaje, ndipo ulipe.

Kusi litakuwepo, kweli. Basi lala Kendwa, si mashariki.

#33 Data Kwanza
Mzee wangu, kwa heshima zote, Kilimia hakijui kilichotokea Bahari ya Hindi miaka ya karibuni. Mvua kubwa za 2019 zilikuja kwa sababu maji ya upande wetu wa bahari yalipata joto kuliko upande wa Indonesia. Nyota haikuonya mtu.

#34 Nahodha Mstaafu
Na redio ilionya?

#35 Mpemba Asili
Mimi nadhani tatizo ni kalenda. Wazee walihesabu kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, yaani mwaka mpya wa jadi, ile ya sherehe ya Mwaka Kogwa Makunduchi. Mkulima anakwambia "mwongo wa ishirini panda". Sasa hivi vijana hawajui mwongo, wanasema majira yameharibika.

#36 Pweza wa Nazi
Lakini mwaka huo wa Nairuzi ni siku 365 tupu, hauna siku ya nyongeza. Kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Leo Mwaka Kogwa ni Julai mwishoni, enzi za mababu wa mababu ilikuwa Agosti. Kwa hiyo "mwongo wa ishirini" wa leo sio wa babu yako. Huenda majira hayajahama, hesabu ndiyo iliyohama.

#37 Binti Jambiani
Yote mawili yanawezekana. Mie ninachojua, zamani mwani mnene ulistahimili Kaskazi kwenye maji haya ya karibu. Sasa jua likikaza maji yanakuwa ya moto, mwani unageuka mweupe unakatika mkononi. Mama yangu hana kalenda, ana mikono.

#38 Mla Halua
Hapo Binti umetunyamazisha.

Mwalimu, ukikosa vyote, Mwaka Kogwa usiukose. Wanaume wanapigana kwa migomba kumaliza kinyongo cha mwaka, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba. Ni Julai 23, 24 hivi. Kaombe likizo ya ugonjwa.

#39 Mwalimu wa Zamu
Ugonjwa wa migomba? Mkuu wa shule yangu naye anapenda kusoma mitandao, tafadhali futa hiyo.

#40 Mzee wa Kubania
Turudi kwenye hela. Juni nusu ya kwanza bado hoteli nyingi zina bei ya masika, msimu wa wageni wa Ulaya unaanza mwishoni mwa Juni. Desemba ni kinyume chake. Kabla ya tarehe 20 bei ya kawaida, baada ya hapo wanakuuza na figo. Mwaka mmoja chumba kilekile cha Nungwi niliambiwa laki na nusu Juni, Desemba 28 wakataka zaidi ya laki nne, na kiyoyozi ni kilekile kibovu.

#41 Mtoto wa Ukunda
Mzee wa Kubania kumbe unaweza kutetea mwezi mwingine zaidi ya Mei.

#42 Mzee wa Kubania
Juni mwanzoni ni Mei iliyokomaa.

#43 Pweza wa Nazi
Mimi natetea Desemba, na simaanishi Unguja. Mafia. Papa potwe wanakuwa karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Februari, Machi hivi. Samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana habari na wewe, anakula vidudu vidogo vya majini. Nimeruka majini naye, Desemba, anapita chini yangu kama daladala. Juni humpati. Juni mpaka Septemba Mafia unapata vitoto vya kasa kisiwani Juani, vinatoka mchangani vinakimbilia maji, na Agosti unaweza kuona nyangumi wakipita. Kila mwezi una mnyama wake.

#44 Tausi Mweupe
Mafia si inaendewa na boti kutoka Nyamisati? Nikikumbuka maandazi yangu...

#45 Pweza wa Nazi
Ndege ipo pia, nusu saa kutoka Dar. Maandazi ule ukishafika.

#46 Binti Jambiani
Mwalimu, ukichagua Juni au Disemba, fanya hivi. Tafuta kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Siku saba zako zianguke kuanzia tarehe 13 mpaka 19 ya mwezi huo, hapo kati bamvua imekukuta. Siku mbili tatu za kwanza lala huku Jambiani, asubuhi nitakutafutia mtu wa kukutembeza mwambani, jioni mnaoga. Zilizobaki nendeni Kendwa mkapumzishe macho. Daladala ya 309 inakuleta mpaka mlangoni, usikubali teksi ya bei ya mgeni.

Mwezi mpevu Kendwa wanapiga muziki ufuoni mpaka asubuhi, sasa hiyo utajua mwenyewe na mama watoto.

#47 Nahodha Mstaafu
Ikiwa Juni, dada, awe na nguo ya kujikinga upepo. Huko kwenu linampiga mtu usoni mpaka machozi.

#48 Binti Jambiani
Mzee wangu, upepo wa Jambiani tumeuzoea. Tunaupokea kwa mgongo.

#49 Data Kwanza
Kwa kumbukumbu tu: Juni mvua inashuka sana ukilinganisha na Mei, na Desemba mwanzoni bado kuna mabaki ya vuli. Kwa takwimu nampa Juni. Na Julai, Agosti mkisikia manyunyu msishangae, hiyo ni mchoo, inapita.

#50 Mpemba Asili
Kwa takwimu hizo hizo jirani yake alitazama mvua dirishani na Mzee wa Kubania akaota jua. Mei ileile.

#51 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, jana usiku tulikaa na mama watoto na daftari. Nikamchorea Kusi, Kaskazi, bamvua, Kendwa, Jambiani, na ile tarehe 13 hadi 19. Nikamwambia Juni inaongoza: mvua imekwisha, bei nafuu, Nahodha na Data Kwanza wamekubaliana kwa mara ya kwanza.

Akauliza swali moja. "Maembe yatakuwepo?"

#52 Mpemba Asili
Laa hawla.

#53 Binti Jambiani
Maembe ni Disemba. Na doriani juu yake, kama pua itaruhusu.

#54 Mzee wa Kubania
Mwalimu, mnunulie maembe hapo Singida, uje naye Juni. Nakuomba kama ndugu.

#55 Mwalimu wa Zamu
Nimejaribu hiyo. Amesema embe la Singida halina bahari.

#56 Chuma cha Reli
Kesi imekwisha hiyo. Kabla ya tarehe 20, basi, na mwezi mpevu ukiangukia hapo mshukuru Mungu. Na taulo liache chumbani mpaka saa kumi.

#57 Kachori ya Moto
Februari maembe bado yapo.